Mafuta ya Breki kwa Gari la Mombasa: Yabadilishwe Lini na Yabadilishwe Vipi

Kwa gari linalokaa Mombasa, mafuta ya breki yanafaa kubadilishwa yote kila baada ya miaka 2, liwe limetembea sana au limelala uani, na yapimwe maji mara moja katikati ya muda huo. Wenye magari wengi hapa wanajua kilomita kamili za kubadilisha oili ya injini, kwa sababu fundi huwaandikia kwenye kibandiko, lakini mafuta ya breki hawayakumbuki mpaka siku pedali inapoanza kuzama kuliko kawaida. Siku hiyo huwa wamechelewa, na kuchelewa kwa breki ni hatari kwa aliyemo ndani ya gari na kwa anayevuka barabara pia.

Kwa nini tuhesabu miaka

Mafuta ya breki ya karibu magari yote tuliyo nayo, yaani yale ya daraja la DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1, hutengenezwa kwa kemikali za jamii ya glikoli, ambazo tabia yake ni kufyonza unyevu kutoka hewani. Aliyewahi kuacha chumvi wazi jikoni wakati wa masika ameona jinsi inavyolowa na kushikamana bila mtu kuimwagia maji. Mafuta ya breki hufanya vivyo hivyo, ila maji yakishaingia huyeyuka humo humo, na jicho halioni kitu. Unyevu hupitia kwenye kitundu cha kupumulia kilicho kwenye kifuniko cha kikopo cha mafuta hayo kilicho chini ya boneti, na pia hupenya polepole mno katika hozi za mpira zinazokwenda kwenye magurudumu. Njia zote mbili ziko wazi mchana na usiku, gari likiwa barabarani au limefunikwa turubai. Ndiyo maana gari la mtu aliye kazini ughaibuni, lililoachwa Kisauni na kuwashwa mara mojamoja ili betri isife, huweza kuwa na mafuta ya breki yaliyochoka sawa na ya jirani anayekwenda mjini kila siku. Hewa ya pwani ni nyevunyevu karibu mwaka mzima, kwa hiyo sioni sababu ya mkaazi wa Mombasa kujiongezea muda kuliko mtu anayeishi penye hewa kavu.

Madhara ya maji hayo huonekana kwenye joto la kuchemka. Kwa mujibu wa kanuni nambari 116 ya usalama wa magari ya Marekani, inayoweka madaraja haya ya DOT, mafuta mapya ya DOT 3 hayatakiwi kuchemka kabla ya kufika nyuzi 205 za Selsiasi, ya DOT 4 kabla ya 230, na ya DOT 5.1 kabla ya 260. Mafuta hayo yakishafyonza maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango cha chini kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 140 kwa DOT 3, 155 kwa DOT 4 na 180 kwa DOT 5.1. Tazama DOT 3 peke yake: maji kidogo yasiyoonekana yameondoa nyuzi 65, na gari liko vilevile, rangi ile ile, sauti ile ile.

Mafuta yakichemka ndani ya kalipa, yaani kile kifaa kinachozibana pedi kwenye diski, hutoa mapovu ya mvuke. Breki hufanya kazi kwa sababu kimiminika hakibanwi: ukikanyaga pedali, nguvu ya mguu wako husafiri ndani ya paipu hadi kwenye pistoni na kuzisukuma pedi. Mvuke, tofauti na kimiminika, hubanwa kwa urahisi, kwa hiyo nguvu yote ya mguu huishia kubana mapovu na pedali huteremka hadi sakafuni bila gari kupunguza mwendo. Diski ya breki katika mteremko mrefu inaweza kupita nyuzi 300, na joto hilo huhamia kwenye kalipa na kuyafikia mafuta.

Dereva wa Mombasa anaweza kudhani kwamba jambo hili ni la watu wa milimani, kwa kuwa kisiwa chetu ni tambarare. Lakini magari ya Mombasa hayakai kisiwani. Yanateremka kutoka Mazeras yakiwa na mizigo, yanateremka kutoka mji wa Kwale hadi Kombani, na siku za mapumziko yanapanda Wundanyi na kurudi Mwatate kwa barabara ile ya kona kali zinazofuatana, dereva akiwa amejaza familia nzima na mguu wake hauondoki kwenye breki. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hatari kubwa wakati mwingine huja baada ya mteremko kwisha. Gari likisimama, upepo uliokuwa ukipoza diski hukoma, joto lote huingia kwenye kalipa, na mafuta huchemka wakati dereva ameshuka kununua ndizi. Akirudi na kuondoka baada ya dakika chache, anakuta pedali laini. Kwa hiyo katika miteremko hiyo tumia gia ndogo, na ukifika chini, kanyaga pedali gari likiwa bado limesimama kabla ya kuingia barabarani tena.

Maji hayo yana dhara la pili, la polepole na la gharama. Hutia kutu ndani ya masta silinda, ambayo ni pampu kuu inayosukumwa na pedali, kwenye pistoni za kalipa, kwenye silinda za magurudumu ya nyuma na ndani ya kifaa cha ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki kwa nguvu), ambacho vijia vyake ni vyembamba sana. Kubadilisha mafuta kwa wakati ni chupa moja au mbili na kazi ya asubuhi moja, ilhali kununua kifaa cha ABS, hata kilichotumika, ni mzigo ambao umemfanya mwenye gari zaidi ya mmoja kuendesha huku taa ya ABS ikiwaka mwaka mzima.

Watengenezaji wanasema nini, na vipi magari ya kutoka Japani

Kitabu cha gari lako ndicho cha kuanzia. Watengenezaji wengi huandika miaka 2, Honda kwa kawaida huandika miaka 3, na wapo wanaoandika kukagua tu bila kutaja muda wa kubadilisha. Kwa hali ya hewa ya hapa, miaka 3 naihesabu kuwa ndiyo mwisho kabisa, na hata hapo iwe mafuta yamepimwa na kukutwa salama. Matatu, teksi, gari la kufundishia udereva na gari linalobeba mizigo mizito yabadilishiwe kila mwaka, kwa kuwa breki zake hupata joto kutwa nzima. Pikipiki yenye breki ya diski nayo isisahaulike, kwani kikopo chake kwenye usukani ni kidogo na kinachomwa na jua moja kwa moja.

Magari mengi ya hapa yaliingia kupitia bandari yetu yakiwa yametumika Japani, na sheria ya Kenya inaruhusu yasiyozidi umri wa miaka 8. Kule Japani, ukaguzi wa lazima wa gari dogo la binafsi hufanywa baada ya miaka 3 ya kwanza na kisha kila baada ya miaka 2, na mafundi wengi huutumia kubadilisha mafuta ya breki. Huenda ukakuta kibandiko cha kazi hiyo chini ya boneti au kwenye fremu ya mlango. Lakini kati ya ukaguzi wa mwisho, mnada, meli na yadi, muda mwingi unaweza kupita. Anayenunua gari kutoka yadi ahesabu kwamba mafuta ya breki ni ya zamani mpaka aonyeshwe ushahidi, ayabadilishe wiki ya kwanza, kisha aanze kuhesabu miaka yake 2 kutoka hapo.

Kujua hali ya mafuta yaliyomo

Rangi husaidia lakini haitoshi. Mafuta mapya huwa meupe au ya manjano hafifu. Yakiwa ya kahawia iliyokolea au meusi, yabadilishe bila kupima. Yakiwa bado meupe, usijiridhishe, kwa sababu maji hayabadilishi rangi. Maduka ya spea huuza kalamu ya kupimia yenye vitaa vya kijani, njano na nyekundu: unaichovya kwenye kikopo na inakadiria asilimia ya maji. Ni kifaa rahisi na kina kasoro zake, kwani hupima mafuta ya kikoponi wakati mafuta yaliyochakaa zaidi yako kwenye kalipa, na baadhi ya kalamu za bei ya chini husoma vibaya aina fulani za DOT 4. Mimi naichukulia hivi: ikionyesha asilimia 3 au zaidi, badilisha, ikionyesha chini ya hapo na miaka 2 imepita, badilisha vilevile. Gereji chache zina kifaa kinachochemsha tone la mafuta na kusoma joto lenyewe, na hicho ndicho cha kuaminika zaidi.

Ni muhimu pia kutofautisha maradhi ya pedali. Pedali laini inayopanda na kuwa ngumu ukiipampu mara kadhaa aghalabu ina upepo ndani ya paipu. Pedali inayozama taratibu huku umeikanyaga kwa nguvu ile ile, kama vile unaposubiri kwenye mteremko wa kuingilia feri Likoni, inaashiria raba za masta silinda zimechoka au kuna mahali panapovuja, na mafuta mapya hayatatibu ugonjwa huo. Pedali iliyo nzuri asubuhi na laini tu baada ya breki kupata moto ndiyo inayokuambia kwamba mafuta yamejaa maji.

Kujazia si kubadilisha. Mafuta ya kikoponi hupungua taratibu kadiri pedi zinavyolika, kwa sababu pistoni husogea nje na mafuta huzifuata. Anayejazia kila mara huficha dalili ya pedi zilizokwisha, na siku fundi atakapoweka pedi mpya na kuzirudisha pistoni, mafuta yatafurika na kuibabua rangi ya gari. Na kama kiwango kinashuka haraka, kuna mahali panapovuja. Gari hilo liende kwa fundi kabla ya safari nyingine yoyote.

Kuchagua mafuta

Soma kifuniko cha kikopo, kwani daraja huandikwa juu yake. Gari lililoandikwa DOT 3 linaweza kutumia DOT 4, na kwa hapa kwetu ningelishauri litumie, kwa kuwa hata mafuta hayo yakishapata maji yana nyuzi 15 za ziada. Kinyume chake hakikubaliki: gari lililoandikwa DOT 4 lisipewe DOT 3. DOT 5.1 huchanganyika na hizo mbili, lakini DOT 5 ni ya silikoni, haichanganyiki nazo na haifai kwa gari lenye ABS, kwa hiyo angalia nukta hiyo na tarakimu yake kwa makini dukani. Oili ya injini, oili ya gia na mafuta ya usukani yasiguse kabisa mfumo huu, kwa maana hufanya raba zivimbe, na raba zikivimba hakuna dawa ila kuzibadilisha zote.

Nunua chupa ambayo kizibo chake hakijavunjwa na karatasi ya ndani bado imebana. Kwa gari dogo, lita 1 hutosha. Fundi akikutolea chupa iliyobaki ya mteja wa juzi, kataa kwa upole na umpe yako, kwa sababu chupa iliyofunguliwa katika hewa ya Mombasa huanza kunywa unyevu siku hiyo hiyo. Yanayobaki kwenye yako yasihifadhiwe kwa ajili ya mwaka ujao.

Kazi yenyewe

Kabla ya yote, magari ya haibridi kama Toyota Prius na Aqua, na mengine ambayo breki zake husukumwa na pampu ya umeme, yaachiwe fundi mwenye mashine ya kuwasiliana na kompyuta ya gari. Kwa magari ya kawaida, kazi hii inawezekana nyumbani kwa watu wawili wenye subira, mradi wasifanye siku ya mvua.

Utahitaji jeki na stendi zake, spana ya mviringo inayolingana na skrubu za kutolea upepo zilizo kwenye breki za kila gurudumu, ambazo mara nyingi ni namba 8, 10 au 11, mpira mwembamba unaoonyesha ndani, chupa tupu, sirinji kubwa, vitambaa safi na ndoo ya maji. Uani kwetu mara nyingi ni mchanga, kwa hiyo weka ubao mpana chini ya jeki na chini ya kila stendi, uzuie magurudumu kwa mawe, na usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Nataka kukaa kidogo kwenye zile skrubu, kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi za pwani huharibikia. Upepo wa chumvi huzishika kwa kutu, hasa kwa magari yanayolala karibu na bahari kama Nyali na Shanzu, na skrubu yenyewe ina tundu katikati, hivyo ni nyembamba na hukatika kwa urahisi. Ikikatika ndani ya kalipa, pengine utanunua kalipa. Siku moja kabla ya kazi, zisafishe kwa brashi ya waya, zipulizie dawa ya kulegeza kutu, na urudie usiku. Siku ya kazi tumia spana ya mviringo, usitumie ya mdomo wazi wala koleo. Igonge skrubu kichwani kidogo kwa nyundo ndogo, kisha jaribu kukaza kiasi cha unywele kabla ya kulegeza. Mara nyingi hujibu kwa mlio mdogo mkavu, na hapo ndipo unapojua imeachia. Isipojibu, simama na upeleke gari kwa fundi. Kila skrubu irudishiwe kifuniko chake cha raba, na kama kimepotea tafuta kingine, maana ndicho kinachozuia unyevu usiingie kwenye tundu.

Futa vumbi kwenye kifuniko cha kikopo kabla ya kukifungua. Nyonya mafuta ya zamani kwa sirinji mpaka yabaki kidogo tu chini, bila kukausha kikopo kabisa, kisha jaza mapya hadi alama ya juu. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia, hilo kwa kawaida ni la nyuma kushoto, kisha la nyuma kulia, la mbele kushoto, na mwisho la mbele kulia. Kama kitabu cha gari lako kinataja mpangilio mwingine, fuata kitabu.

Vika mpira kwenye skrubu na utumbukize ncha ya pili ndani ya mafuta kidogo yaliyo kwenye chupa. Msaidizi akae kwenye kiti cha dereva, injini ikiwa imezimwa. Mwambie akanyage, na akishakanyaga aseme kwa sauti kwamba ameshika. Fungua skrubu robo mzunguko. Mafuta yatatoka na pedali itateremka, naye asiinue mguu hata kidogo mpaka ufunge na umwambie aachie. Akiinua mapema, upepo utaingia na mtaanza upya. Weka kipande cha mbao chini ya pedali ili isifike sakafuni, kwa sababu katika gari lililotumika miaka mingi, sehemu ya mwisho ya masta silinda huwa haijawahi kupitiwa na raba na inaweza kuwa na kutu itakayozichana.

Rudieni hivyo huku ukiangalia mpira. Mwanzoni utaona mafuta ya kahawia, wakati mwingine yenye chembe nyeusi, halafu utaona mpaka dhahiri ukisogea ndani ya mpira, nyuma yake yakija mafuta mepesi yenye rangi ya yale uliyomimina. Endelea kidogo baada ya hapo, kisha funga. Baada ya kila kukanyaga mara tano au sita, angalia kikopo na ujazie, kwani kikikauka upepo utaingia kutoka juu na huenda ukafika kwenye ABS, ambako kuutoa kunahitaji mashine. Gari la gia za mkono ambalo klachi yake hutumia mafuta ya kikopo hicho hicho litolewe mafuta ya zamani ya klachi pia.

Mafuta haya hubabua rangi ya gari kwa muda mfupi, kwa hiyo yakidondoka mwagia maji mengi mara moja, usifute kwa kitambaa kikavu. Yakikuingia jichoni, osha kwa maji safi kwa dakika nyingi na uende hospitali. Ya zamani yasimwagwe mtaroni, kwani mitaro yetu mingi huishia baharini. Yatie kwenye chupa yenye kizibo, uiandike, uipeleke kwenye gereji inayokusanya taka za oili, bila kuyachanganya na oili ya injini.

Mwisho wa kazi, kaza kila skrubu kwa kiasi, jaza kikopo hadi alama ya juu bila kuipita, washa injini na ukanyage pedali kwa nguvu kwa muda. Iwe ngumu, na isizame. Andika tarehe ya siku hiyo na daraja la mafuta kwenye kibandiko karibu na kikopo. Safari ya kwanza iwe polepole kwenye barabara tupu na tambarare, ukijaribu breki mara kadhaa kabla ya kuingia kwenye msongamano wa Makupa au Changamwe. Asubuhi ya pili, kabla ya kuliondoa gari, pitisha karatasi nyeupe chini ya kila skrubu na uangalie kikopo tena; karatasi ikilowa, kaza skrubu hiyo kidogo na ujaribu upya, na ikiendelea kulowa gari lisitoke.